Kiu ya Udongo, Kutoka Mumirwa Hadi Nyakabiga

Mvua ikinyesha Bujumbura, mtu wa mtaa wa Nyakabiga husikiliza mara mbili. Kwanza husikiliza bati, kisha mto Ntahangwa. Bati humwambia mvua ina nguvu gani hapo mtaani. Mto humwambia imenyesha kiasi gani huko juu milimani, maana maji ya huko hushuka na mawe, na mawe yakigongana korongoni sauti yake hupenya hata madirisha yaliyofungwa. Kuna siku mtaani halijadondoka hata tone, na mto unanguruma. Siku hizo wanaokaa ukingoni hutoka nje kutazama kama ukuta wa uani bado umesimama.

Swali la kuuliza hapo ni jepesi kulitamka: kwa nini maji haya hayakubaki kule yaliponyesha? Watu wamelitafutia jibu kwa zaidi ya miaka 100, kwa pete za chuma, kwa matangi, kwa saa na rula, na sehemu ya historia hiyo imepita katika vilima vinavyoonekana ukiwa umesimama mlangoni pa nyumba yoyote ya Nyakabiga.

Vilima hivyo huitwa Mumirwa. Kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, ardhi hupanda hadi mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nile, zaidi ya mita 2,000, na mwendo wenyewe ni wa kilomita 20 na kitu tu. Mjini hunyesha kama milimita 800 kwa mwaka. Juu kule kiasi hicho hukaribia maradufu. Kwa hiyo maji mengi huanguka mahali penye mteremko mkali, na njia ya kwenda ziwani ni fupi: Nyabagere, Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Mito hii si mirefu. Ndiyo maana haimpi mtu muda.

Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji walipolitwaa mwaka 1916 na kuufanya mji kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, udongo wa milimani haukuwa jambo la ofisini. Ulikuja kuwa jambo la ofisini kahawa ilipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Warundi kupanda kahawa, na kahawa ya Burundi ilitakiwa itandaziwe majani makavu chini ya miti. Agizo la majani lilikuwa na akili ndani yake, tutaliona mbele. Kisha ikaja njaa kali ya 1943 na 1944. Watu walikufa, wengine wakahama, na wakubwa wa Usumbura wakaona kwamba kilima kinachopoteza udongo kitapoteza na walipa kodi. Kampeni ya kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ambayo Warundi waliiita imiringoti, ikakazwa kila mahali.

Mtaro wa namna hiyo hauchimbwi kushuka mlima. Hukatwa kwa kukingama, ukifuata usawa mmoja, ili maji yanayoteremka yatumbukie humo, yasimame, na udongo uyanywe polepole. Ukiutazama kwa karibu, mtaro huo ni dau. Anayeuchimba anaamini kwamba udongo wa chini yake utakunywa haraka kuliko mvua inavyoujaza. Dau likishinda, maji yanabaki kilimani. Likishindwa, mtaro wa juu unafurika, unapasuka, unamwaga kila kitu kwenye mtaro wa pili, nao wa pili kwenye wa tatu, na kijito kidogo kinageuka korongo ambalo halikuwapo jana.

Kwa dau kubwa hivyo, mtu angetegemea kwamba kabla ya jembe kungetangulia kipimo. Haikuwa hivyo. Kilichotangulia ni amri, pamoja na ile kazi ya lazima ambayo Warundi waliijua kwa jina lililotoka kwenye Kiswahili, akazi. Ripoti za wakoloni zilihesabu kilomita za mitaro iliyochimbwa, nazo zilifika maelfu kwa maelfu. Walipima mitaro. Kasi ya maji kuingia ardhini, ambayo ndiyo sababu yenyewe ya mitaro kuwapo, haikuwa na safu yake katika hesabu ya mnyapara.

Wala Burundi haikuwa peke yake. Murang'a, Kenya, mwaka 1948 wanawake walikataa kuendelea kuchimba matuta. Kwenye milima ya Uluguru, Tanganyika, matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali yalizua ghasia mwaka 1955, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Waluguru walisema matuta yale yanatoa juu udongo mbaya wa chini na kuharibu shamba. Walisema kweli.

Na bado, hata kabla ya ghasia hizo, palikuwa na mahali Afrika Mashariki ambapo mtu alikuwa amekaa akipima kweli. Mwaka 1933 huko Mpwapwa, katikati ya Tanganyika, mtaalamu wa malisho aliyeitwa R. R. Staples aligawa mteremko mmoja wa wastani katika vipande vilivyokaa bega kwa bega. Kimoja kiliachwa utupu, hakilimwi wala hakioti kitu. Kingine kililimwa nafaka. Kingine kiliachiwa nyasi, na kingine kichaka kisichoguswa na mifugo. Chini ya kila kipande palikuwa na tangi la kukinga maji na matope yanayoteremka. Mvua ikishakwisha, unapima tangi. Yaliyomo ndiyo yaliyokimbia. Mengine udongo umeyashika, hata kama baadaye jua litayachukua.

Huo ni mpango ambao hata fundi bati angeuelewa kwa dakika mbili, na matokeo yake hayahitaji kufafanuliwa na profesa. Ardhi tupu ilipoteza nusu ya mvua yake yote, pamoja na tani zaidi ya 140 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la nafaka lilipoteza robo ya mvua. Nyasi zilipoteza kama asilimia 2. Kichaka kisichoguswa hakikufikisha hata asilimia 1, na udongo haukutoka. Mteremko ni uleule na mvua ni ileile. Tofauti ilikuwa kile kilichofunika ardhi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu lilikuwa likitafutwa mbali sana na Mpwapwa. Ufaransa, mwaka 1905, Achille Müntz na wenzake walikuwa wamepima jinsi mashamba yanavyopitisha maji, ili wajue namna ya kuyamwagilia, na jina la Müntz limebaki kwenye kifaa ambacho mafundi wa nchi zinazotumia Kifaransa wanakitumia hadi leo: pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Ya ndani kwa kawaida ina upana wa sentimita 30, ya nje 60. Unazigonga chini kwa nyundo na ubao, sentimita 15 hivi, taratibu usije ukapasua udongo. Unajaza maji zote mbili. Kisha unasimamisha rula katika pete ya ndani, unashika saa, na unaandika maji yameshuka milimita ngapi kila baada ya dakika kadhaa. Unaongeza maji, unaandika tena. Kazi inaweza kuchukua nusu siku, na nyingi ya nusu siku hiyo ni kuchuchumaa.

Pete ya nje inawasumbua wanafunzi, maana maji yake hayahesabiwi. Lakini ndiyo inayofanya kipimo kiwe cha kweli. Ukitumia pete moja, maji yakifika chini hutambaa pembeni kwenye udongo mkavu, nawe utadhani ardhi ina kiu kuliko ilivyo. Maji ya pete ya nje huloanisha pembeni, na yale ya ndani hulazimika kushuka wima.

Anayepima mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Dakika za mwanzo maji huzama kwa pupa. Udongo mkavu huyavuta kama kitambaa kinavyovuta mafuta. Kisha kasi inapungua, inapungua tena, na baada ya saa moja au mbili inatulia kwenye kiwango kisichobadilika. Kiwango hicho cha mwisho ndicho kinachotafutwa. Mchanga hupokea zaidi ya milimita 30 kwa saa. Udongo tifutifu hupokea 10 hadi 20. Mfinyanzi hupokea 1 hadi 5, basi.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa nadharia ya mafuriko ni Mmarekani Robert Horton, mhandisi aliyefanya kazi zake Voorheesville, jimbo la New York. Mwaka 1933, mwaka uleule wa vipande vya Mpwapwa, alichapisha hoja kwamba uso wa ardhi ni kama chujio: kila udongo una kikomo cha kupokea, na mvua ikizidi kikomo hicho, ziada yote itakimbia juu. Kabla yake wengi walikuwa wakiyatafuta maelezo ya mafuriko mtoni. Horton aliwarudisha shambani. Alifariki Aprili 1945, mwezi mmoja tu baada ya makala yake kubwa ya mwisho kutoka.

Horton hakuwa sahihi kila mahali. Kwenye misitu, mvua haizidi kikomo cha udongo mara kwa mara. Maji hukimbia mabondeni ambako ardhi imekwisha kushiba kutoka chini. Thomas Dunne, mmoja wa waliolionyesha jambo hilo Marekani, alifanya utafiti Kenya pia, na kwenye malisho makavu ya huko, yaliyokanyagwa na mifugo, alinyunyiza mvua ya bandia na kukuta maji yakikimbia jinsi Horton alivyosema. Kwa kilima kilichovuliwa nguo, Horton bado ndiye mwalimu.

Kuvuliwa nguo ndiko kunakoeleza zile namba za Mpwapwa. Tone la mvua kubwa likipiga udongo mtupu huvunja vidonge vyake, na vumbi linalotoka huziba vitundu. Baada ya dakika chache shamba lina ngozi nyembamba iliyokazana, na maji yanateleza juu yake kama juu ya sahani. Pete haioni jambo hili, kwa sababu maji humiminwa ndani yake kwa upole. Charles Pereira, Mwingereza aliyefika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, Kenya, baada ya vita vya pili vya dunia, alibuni kipimo cha kudondoshea udongo matone badala ya kuumiminia. Akiwa Muguga, hukohuko Kenya, yeye na wenzake walipima mabonde mazima: Kericho kwenye chai, Kimakia kwenye misonobari, Mbeya, na Atumatak huko Karamoja, Uganda, ambako ng'ombe walikuwa wamezimaliza nyasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962.

Hapa niseme neno dogo la lugha. Vitabu vya dunia vya hifadhi ya udongo vina maneno mawili ya Kiswahili yasiyotafsiriwa: fanya juu na fanya chini. Yametoka Kenya, hasa Ukambani. Fanya juu ni kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa mlimani, na baada ya miaka shamba hujilaza lenyewe likawa ngazi. Watu wa Machakos, hukohuko Ukambani, walioyakataa matuta ya lazima waliyachimba wenyewe baadaye, walipoona faida mfukoni.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ukawa Bujumbura, na sehemu kubwa ya imiringoti ikaachwa. Wengine waliifukia na kupanda juu yake. Mtu anayeona ujinga hapo hajawahi kuchimba kwa amri. Mtaro usiosafishwa hujaa matope msimu mmoja au miwili, na hakuna aliyekuwa tayari kusafisha kumbukumbu ya akazi.

Mwaka huohuo ilianzishwa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, ikarithi vituo vya Wabelgiji kama Kisozi. Katika miaka ya 1980 watafiti wake waliweka kwenye vilima, Mumirwa ikiwamo, vipande vya kupimia kama vile vya Mpwapwa: mteremko, ukingo, tangi. Mmoja wa Warundi walioifanya kazi hiyo, Théodomir Rishirumuhirwa, aliutazama mmea ambao mkoloni hakuuona kuwa chombo cha hifadhi, yaani mgomba, na tasnifu yake aliyoitetea Lausanne mwaka 1997 iliuweka katikati ya maisha ya shamba la nyanda za juu. Mgomba wenyewe hauzuii kitu. Tone likidondoka kutoka kwenye jani pana huwa limenenepa. Kinachofanya kazi ni takataka yake. Majani makavu na vigogo vilivyokatwa hulala chini, hupokea kipigo cha mvua, huwalisha mchwa na minyoo, nao hutoboa ardhi. Chini ya mgomba uliotandaziwa majani vizuri maji huingia karibu yote. Kahawa yenye majani chini yake ilionyesha vivyo hivyo, na hapo ndipo penye akili ya lile agizo la zamani. Shida ni kwamba majani ya kutandaza kahawa yalichumwa kwenye mashamba mengine, ambayo yalibaki uchi.

Kwa hiyo pembeni mwa rugo, yaani boma la familia ya Kirundi, ambako bibi humwaga maganda na majivu kila siku, ardhi ilikuwa inakunywa vizuri zamani sana. Vipimo vya tangi vilithibitisha lililokuwa likifanyika uani.

Ningeishia hapo kama miteremko ya Mumirwa ingekuwa ya wastani. Sivyo, na mteremko mkali una hatari yake. Tarehe 23 Februari 1970, Mgeta, kwenye Uluguru ileile ya ghasia, mvua ya kama milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu, na watafiti waliokwenda baadaye walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalitokea kwenye mashamba na nyasi. Msituni, ambako mizizi imeshuka, yalikuwa machache mno. Maji yaliingia ardhini, na kuingia kwake ndiko kulikoifanya ardhi nzito, laini, ikateleza. Udongo unaokunywa sana juu ya mteremko mkali, bila mizizi ya kuushika, ni hatari nyingine. Katika bonde la Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, Léonidas Nibigira na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liège walichunguza poromoko linaloweza kuziba mto na kufanya bwawa, wakakokotoa yatakayotokea mjini bwawa hilo likibomoka. Utafiti ulichapishwa mwaka 2018.

Sasa turudi Nyakabiga. Wabelgiji walipanga mitaa ya Waafrika kwa mistari iliyonyooka, Buyenzi ya Waswahili na Bwiza, na Nyakabiga ikafuata, ikikaa kati ya mji na korongo la Ntahangwa, jirani na chuo kikuu kilichoko Mutanga. Viwanja ni vidogo. Sensa ya 2008 iliikuta Bujumbura na watu karibu 500,000, na kila familia iliyopata uwezo ilifanya mambo yaleyale: ikaongeza vyumba vya kupangisha, ikaezeka bati, ikamwaga saruji uani ili matope yasiingie ndani.

Hesabu yake ni rahisi, kwa sababu milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 80 chini ya mvua ya milimita 50 hutoa lita 4,000, yaani mapipa 20. Kasi ya bati kunywa ni sifuri, ya saruji ni sifuri. Zidisha kwa nyumba za barabara moja, kisha kwa barabara za mtaa. Maji hayo huenda kwenye mtaro wa pembeni mwa barabara, mtaro ukiwa haujajaa plastiki, kisha Ntahangwa, ambayo wakati huo tayari inapokea ya milimani.

Usiku wa Jumapili tarehe 9 Februari 2014 Bujumbura iliona hesabu hiyo ikikamilika kwenye mitaa ya kaskazini. Maji na matope yaliingia Kamenge na Kinama watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 60 walikufa, na nyumba zilizobomoka zilikuwa nyingi hata siku kadhaa zilipita kabla ya kuzihesabu zote. Nyakabiga haikuwa kitovu cha msiba ule. Yake ni msiba wa polepole: Ntahangwa inakula ukingo, mwaka huu uzio, mwaka ujao jiko. Sehemu nyingine zimejengewa kuta za mawe yaliyofungwa kwa waya. Penye ukuta mto hutulia, kisha huhamia kutafuna pasipo na ukuta.

Na kuna jambo ambalo mtu wa ukingoni haliulizi, nalo ni shimo la uani. Viwanja vingi hutegemea shimo la choo na shimo la kunyonya maji ya kuogea na kufulia. Huko New York katika miaka ya 1920 mhandisi Henry Ryon aliweka kanuni ya kupima mashimo hayo kabla ya kuyajenga: chimba kishimo, kijaze maji hadi udongo ushibe, kisha pima yanachukua dakika ngapi kushuka inchi 1. Yakikawia mno, usijenge hapo. Lakini Nyakabiga shimo linalonyonya haraka si lazima liwe habari njema. Udongo wa hapa uliletwa na mito enzi na enzi, mchanga na kokoto zisizoshikana. Maji yakizama haraka hatua chache kutoka genge la Ntahangwa, hayapotei. Hutokea ubavuni mwa genge, yakiulainisha kutoka ndani, huku mto ukiuchimba kutoka chini. Mwenye nyumba huilaumu Ntahangwa peke yake.

Msomaji anaweza kupima mwenyewe, bila pete za Müntz. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, likate kitako, likandamize ardhini vidole viwili, limiminie maji hadi nusu, utazame saa. Rudia mara tatu mahali palepale, maana mara ya kwanza hudanganya. Fanya hivyo chini ya mwembe, kisha pale watoto wanapochezea mpira, uandike dakika zote kabla hujaagiza saruji ya kufunika uwanja. Ila kama kiwanja chako kimepakana na Ntahangwa, pima kwa kopo tu, na shimo la maji lichimbwe upande wa barabara.